Asilimia ya nini? Kisa cha uyoga, chokoleti na ripoti mbili zisizopatana

Majina ya watu, mtaa, tarehe na namba za vielelezo vimeondolewa. Daktari, wakili na wapelelezi wanaotajwa humu wanatambulika kwa kazi zao tu. Anayeandika ndiye aliyetia sahihi ripoti ya kwanza, ile mbovu.

## Usuli

Maabara yetu iko kisiwani Mombasa na riziki yake ni mizigo: chai inayosubiri mnada, karanga na mahindi ya kupimwa sumukuvu, samaki wa kusafirishwa, mafuta ya kupikia. Tuna mashine mbili kubwa. Moja ni kromatografia ya kimiminika, inayotenganisha viambato kwa kuvipitisha ndani ya safu, yaani bomba jembamba, ambayo imepima kafeini ya chai miaka mingi mpaka nadhani ingeweza kuipima bila sisi. Ya pili ni kromatografia ya gesi iliyofungwa pamoja na spektrometa ya masi, yaani kipima uzito wa molekuli, na hiyo ndiyo tunayoikimbilia mtu akitaka kujua upesi "hiki ni nini". Vielelezo vya dawa za kulevya hutufikia mara chache, kwa kibali, na mara nyingi kinachotakiwa ni kuthibitisha tu kwamba kitu fulani kimo.

Uyoga wa kulevya ulikuwa haujawahi kupita mezani kwetu. Kuna molekuli mbili zinazohusika hasa, na majina yake yanachanganya kama Hassan na Hussein: silosibini na silosini. Mkemia Mswisi Albert Hofmann alizitenga zote mbili mwaka 1958 mjini Basel, kutoka kwenye uyoga wa Mexico uliooteshwa na Mfaransa Roger Heim. Wanyama wa majaribio hawakumwonyesha lolote la maana, basi yeye na wenzake wakawa wanaonja wenyewe kila sehemu ya mchujo ili wajue nguvu imekwenda upande gani. Kipimo chao kilikuwa vichwa vyao.

Silosibini ni silosini iliyobeba kundi la fosfeti mgongoni. Uzito wa molekuli ya silosibini ni 284.25, wa silosini ni 204.27. Mtu akishaimeza, mwili huivua fosfeti hiyo haraka, na silosini ndiyo inayofika kwenye ubongo na kufanya kazi. Kwa hiyo gramu moja ya silosibini ikivuliwa fosfeti yote hutoa takriban gramu 0.72 za silosini. Namba hiyo, 0.72, ndiyo iliyokuja kutupatanisha na wenzetu wa maabara ya pili.

Zote mbili zimo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya 1994 inazidhibiti.

## Kilicholetwa

Vijana kadhaa walikuwa na sherehe katika nyumba ya kupanga, pwani ya kaskazini. Usiku ule wawili walipelekwa hospitali. Wa kwanza alikula uyoga mkavu: mboni zimepanuka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, hofu imemshika, akidai kuta zinapumua. Kabla ya alfajiri alikuwa ametulia, anaomba chai. Wa pili alikula vipande vya chokoleti ambayo mwenye sherehe aliita "ya uyoga". Huyu alitapika sana na kutulia kwake kulichelewa.

Wapelelezi wakatuletea vielelezo vitatu:

- A: mfuko wa plastiki wenye uyoga mkavu, gramu 38.4.
- B: beseni lenye uyoga mbichi uliokuwa bado unaota juu ya nafaka, kama gramu 210.
- C: chokoleti mbili, moja imevunjwa na kuliwa nusu.

Wao walitaka kujua kuna nini na kiasi gani. Daktari alitaka jambo jingine, na ukiniuliza leo, swali lake lilikuwa bora kuliko lao: je, wagonjwa wake wawili walikula kitu kimoja?

## Yaliyotokea

Siku ya kwanza tulipokea, tukapiga picha, tukapima uzito, tukatia sahihi za ukabidhi. Hapo hatukukosea. Uyoga wa A ulionekana mkavu, lakini ulipokunjwa haukukatika. Ulipinda kama ng'onda iliyolazwa jikoni. Niliona. Sikuandika.

Fundi wetu, kijana mwangalifu aliyezoea chai, alichota miligramu mia moja kutoka juu ya mfuko, akaziloweka kwenye methanoli, akachuja, akapeleka kwenye mashine ya gesi. Tuliichagua hiyo kwa sababu ina maktaba ya alama za molekuli, na kwa sababu ya sababu nyingine isiyo ya kisayansi: kati ya sampuli rejea mbili tulizoagiza, yaani dawa safi za kulinganishia, ile ya silosini ilikuwa imefika na ile ya silosibini ilikuwa bado inazungushwa na karatasi za kibali. Bandari tunaiona dirishani, lakini kichupa cha mililita moja kilituchukua wiki nyingi. Silaumu karatasi; dawa hizi zinadhibitiwa na zinastahili karatasi. Nalaumu haraka yetu.

Chati ikatoka na kilele kimoja kizuri, mwinuko wa mstari, cha silosini. Silosibini hamna. Chokoleti nayo ikatoa kilele kile kile cha silosini, na pembeni kibonge kidogo ambacho maktaba ya mashine ilikipa jina kwa kusitasita. Fundi alinionyesha kibonge kile. Nikamwambia ni mafuta ya kakao.

Ripoti yangu ikasema: A ina silosini asilimia 0.44, silosibini haikuonekana. C ina silosini asilimia 0.12, silosibini haikuonekana. Daktari akanipigia.

"Maalim, basi hawa wawili wamekula kitu kimoja?"

"Kwa vipimo vyetu, ndiyo."

Jibu hilo bado linanikera.

B tuliiweka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri tukingoja nafasi. Usiku wa tatu stima ilipotea. Jenereta yetu inalisha mashine na friji ya kemikali. Soketi ya friza ile haikuwa kwenye laini hiyo, na hakuna aliyejua mpaka asubuhi. Tulipofungua, uyoga uliokuwa mweupe na kofia zake rangi ya asali ulikuwa umelegea ndani ya maji yake, na maji yale yalikuwa ya buluu, buluu ya nili ya kufulia nguo.

Wiki mbili baadaye wapelelezi wakaleta ripoti ya maabara ya pili, nje ya Mombasa, iliyopewa sehemu ya A ile ile. Wao walitumia kimiminika na spektrometa ya masi. Silosibini asilimia 0.81, silosini 0.07. Wakili wa mmoja wa wahusika alikuwa ameziweka ripoti mbili ubavuni kwa ubavu, na swali lake halikuhitaji shahada ya kemia: vipi maabara moja iseme hakuna kabisa, na nyingine iseme kipo tele?

## Jaribio la dakika ishirini

Kwa bahati kichupa cha silosibini kikafika wiki hiyo. Kabla ya kugusa kielelezo chochote tena, nilitaka kuona kitu kimoja. Tukachukua silosibini safi ile, isiyo na uyoga wala kakao, tukaidunga kwenye mashine ya gesi kwa njia ile ile ya mwanzo. Mlango wa kuingizia sampuli ulikuwa kwenye nyuzi 250.

Fundi alikaa mbele ya kioo. Dakika za silosibini zikapita, mstari umelala. Kisha, mahali pake pale pale, dakika ile ile tuliyoizoea, kikasimama kilele cha silosini.

"Lakini hatukutia silosini," akasema.

Hatukutia. Mashine ndiyo iliyoitengeneza. Joto la mlango lile huikata fosfeti kabla molekuli haijaingia kwenye safu, kazi ile ile inayofanywa na mwili, ila hapa hufanywa kwa moto. Ukitaka kuiona silosibini kwa gesi lazima kwanza uivike kinga ya kikemia inayoizuia isivunjike. Bila kinga hiyo, maneno "silosibini haikuonekana" yana maana moja tu: njia hii haina macho ya kuiona. Mimi niliyaandika kana kwamba yana maana ya "haimo".

Jambo hili limo katika maandiko ya fani tangu zamani. Tungelisoma jioni moja.

## Maamuzi ya raundi ya pili, na sababu zake

Tuliamua kwanza kuuandikia kila upande uliopokea ripoti ya kwanza kwamba imesimamishwa. Kulikuwa na ushauri ndani ya ofisi kwamba tungoje mpaka tupate namba mpya, tutoe zote pamoja, aibu iwe fupi. Nilikataa kwa sababu ya daktari: alikuwa na ripoti yetu kwenye jalada la mgonjwa.

Uamuzi wa pili ulihusu kusaga. Uyoga haufanani mmoja kwa mwingine hata ukiwa umeota beseni moja. Ili kujiridhisha tulitoa uyoga mzima mitano kutoka A tukaupima mmoja mmoja. Wenye nguvu zaidi ulikuwa karibu mara tatu ya wenye nguvu kidogo. Kwa hiyo miligramu mia moja za juu ya mfuko zilikuwa zinasema habari za juu ya mfuko, basi. Tukasaga nusu ya A yote ikawa unga mmoja, na nusu tukaiacha nzima, imefungwa upya mbele ya mashahidi, kwa ajili ya yeyote atakayetaka kupima baada yetu. Hapo kulikuwa na mvutano halali: kwa takwimu bora ungesaga yote, kwa haki ya upande wa pili huna ruhusa ya kumaliza kielelezo.

Tatu, maji. Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo Mombasa ilipoingia kwenye kipimo.

Unga ulikaushwa, ukapoa ndani ya chombo chenye silika jeli, ukapelekwa kwenye mizani. Chumba cha mizani wakati huo kilikuwa na dirisha linalotazama maji ya Kilindini, na ulikuwa msimu wa masika. Fundi akaniita.

"Maalim, mizani haitulii."

Nikasimama nyuma yake. Kioo kilisoma miligramu 100.2. Kisha 100.4. Kisha 100.9. Tulikuwa hatujagusa kitu. Alifunga milango ya kioo, akafuta mikono, akaangalia kiputo cha usawa. 101.3. Alidhani mizani imeharibika, na mtu wa nyanda za juu angedhani hivyo hivyo. Mizani ilikuwa nzima. Ni unga uliokuwa ukinywa hewa ya bahari mbele ya macho yetu.

Uyoga mbichi ni maji kama asilimia 90. Ukikaushwa vizuri hukatika kama biskuti, na tangu hapo huwa na kiu. Uuache wazi kwenye hewa ya pwani nao hurudi kuwa ng'onda. A ilipotufikia ilikuwa na maji asilimia 11.6, tulikuja kujua baada ya kukausha. Yaani katika kila gramu niliyoita "uyoga" kwenye ripoti ya kwanza, zaidi ya sehemu moja ya kumi ilikuwa unyevu wa Mombasa. Maabara ya pili walikuwa wameripoti kwa uzito mkavu na wakaandika hivyo, kwa herufi ndogo chini ya jedwali. Mimi sikuandika chochote, kwa hiyo msomaji yeyote angezilinganisha kana kwamba ni uzito mmoja.

Tukahamisha mizani kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha, tukaweka kikausha hewa, na tukaanza kupima kwa vichupa vyenye kifuniko: unga unaingia, kifuniko kinafungwa, ndipo unasoma.

Nne, mashine. Tukaachana na gesi kwa ajili ya kiasi na kurudi kwenye kimiminika, ambako hakuna joto la kuvunja kitu. Mwanzo ulikuwa wa kuchekesha: kwa mpangilio wa kafeini, silosibini ilitoka mapema mno, imejibanza pamoja na sukari na uchafu wote unaopita bila kushikwa na safu. Ni molekuli inayopenda maji, haikai na mafuta ya safu. Ikabidi tupunguze sana kiyeyusho kisicho maji kwenye mchanganyiko, tutie asidi kidogo, na tuwe na subira. Kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 267 vilele vikajitenga: silosibini mbele, silosini nyuma, na kati yake vidogo vya jamaa zao, beosistini akiwemo.

Kuloweka nako tulikubadili, tukatumia methanoli yenye asidi kidogo na kurudia mara tatu badala ya mara moja. Sababu ya kukwepa maji matupu ni kwamba uyoga wenyewe una kimeng'enya kinachovua fosfeti. Ukiupa maji na muda, utapima kazi ya kimeng'enya na siyo hali ya uyoga ulivyokuja.

## Hesabu ya kupatanisha

Kwa njia mpya A ilitoa silosibini asilimia 0.79 na silosini 0.09, zote kwa uzito mkavu. Maabara ya pili: 0.81 na 0.07.

Ukizigeuza zote kuwa silosini, ile ya kwao ni 0.81 mara 0.72, sawa na 0.58, ukijumlisha 0.07 unapata 0.65. Yetu ni 0.57 na 0.09, jumla 0.66. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya uyoga wawili wa beseni moja. Hata mgawanyo ulipotofautiana kidogo, jumla ilishika, na ndivyo ungetegemea ikiwa sehemu ya silosibini ilikuwa imevuliwa fosfeti njiani kwetu na siyo kwao.

Sasa chukua 0.65 yao uirudishe kwenye uzito wenye maji asilimia 11.6: unapata 0.57 na kitu. Ripoti yangu ya kwanza ilisema 0.44. Kwa hiyo hata baada ya kunisamehe molekuli na kunisamehe maji, bado nilipungukiwa karibu robo. Sehemu ya silosibini huishia kwenye kioo cha moto cha mlango wa mashine ya gesi bila kuwa silosini, kuloweka mara moja hakutoi yote, na sampuli ilitoka juu ya mfuko. Ni ipi kati ya hizo iliyokula zaidi, hatukutenganisha, kielelezo kingeisha.

## Chokoleti

Hapa ndipo raundi ya pili ilipolipa gharama yake.

Chokoleti ni mafuta na sukari, inashika kila kitu. Tulitia kiasi tunachokijua cha sampuli rejea kwenye chokoleti ya dukani tukajaribu kukitoa: mara ya kwanza tukarudishiwa asilimia 71. Tulipotangulia kuosha mafuta kwa heksani tukafika 93, na hapo tukaona inatosha kuanza.

Kwenye chati ya C silosini ilikuwepo. Silosibini haikuwepo, na safari hii tulikuwa na macho ya kuiona. Beosistini haikuwepo. Badala yake kilisimama kilele kikubwa nyuma kabisa, tusichokijua. Nikakumbuka kibonge cha fundi. Maabara ya pili wakatupimia masi: ioni ya 247, yaani molekuli ya 246 iliyobeba hidrojeni moja ya ziada. Hiyo 246 ni 42 zaidi ya silosini. Arobaini na mbili ndiyo nyongeza inayopatikana kundi la asetili likikaa mahali pa hidrojeni. Asetili-silosini, kitu cha kutengenezwa kiwandani, ambacho kikikaa na unyevu au kikilowekwa kwenye methanoli hujivua asetili pole pole na kuacha silosini.

Kwa maneno mengine, hapakuwa na dalili ya uyoga ndani ya chokoleti ya uyoga. Silosini niliyoipima raundi ya kwanza ilikuwa mabaki ya kitu kingine, na huenda nyingine tuliitengeneza wenyewe kwa methanoli yetu. Mwaka 2024 huko Marekani watu wengi waliugua kwa chokoleti na peremende zilizouzwa kama za uyoga, na wapimaji wakakuta ndani yake vitu kadhaa, asetili-silosini ikiwa mojawapo. Habari hizo zilikuwa zimenipita kama zinavyompita mtu anayepima chai.

Vipande vya chokoleti navyo havikuwa sawa. Kipande kimoja cha pembeni kilikuwa na mara nne ya jirani yake, ishara ya mtu aliyekoroga kwa mkono na kumimina haraka.

## B, kwa ufupi

Silosini ikikutana na hewa huungana na wenzake kuwa rangi ya buluu. Kwenye uyoga mzima haipati nafasi kwa sababu fosfeti inailinda. Seli zikipasuka kwa barafu na kuyeyuka, vimeng'enya hutoka, fosfeti huvuliwa, na silosini huungua kwa oksijeni. Yale maji ya nili ndiyo yaliyokuwa kile tulichotaka kupima. Tulipopima mabaki tulikuta kidogo sana, na namba ile hatukuiandika. Ripoti inasema tu kwamba zote mbili zimo katika B.

Ningependa kuiwekea lawama yote stima, lakini hata friza ingebaki na umeme wake, kugandisha uyoga mbichi ni chaguo baya. Imekwisha pimwa kwingine kwamba uyoga mbichi uliohifadhiwa hata kwa nyuzi 80 chini ya sifuri hupoteza zaidi kuliko uyoga uliokaushwa na kuwekwa gizani kwenye joto la kawaida la chumba. Tulifuata mazoea ya samaki.

## Matokeo

Ripoti mpya ilitolewa pamoja na barua ya kufuta ya kwanza. Inaonyesha silosibini na silosini kila moja peke yake, jumla kwa hesabu ya silosini, uzito uliotumika, unyevu uliokutwa, na kiwango cha kutokuwa na uhakika wa kila namba. Wakili aliisoma, akauliza maswali mawili ya busara kuhusu nusu iliyobaki, na hakuendelea.

Kwa C mambo yalibadilika zaidi. Asetili-silosini haimo kwa jina kwenye orodha za Mkataba wa 1971, na hilo tuliwaachia wanasheria. Kazi yetu ilikuwa kusema ni kitu gani. Daktari alirekebisha jalada la mgonjwa wa pili. Nilipompigia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa nimeshamwambia mama yake ni uyoga tu." Sikuwa na la kumjibu.

## Uchambuzi

Kilichotuokoa ni vitu viwili tulivyovifanya bila kujua thamani yake: kugawa kielelezo ili maabara nyingine ipime, na kuhifadhi chati zote za mwanzo, pamoja na kile kibonge. Bila ripoti ya pili tusingejua tumekosea. Chati yetu ilikuwa nzuri, kilele chembamba, marudio matatu yanakubaliana. Kosa la namna hii halioni haya; linarudi lile lile kila ukirudia, na mtu hulichukulia kuwa uhakika.

Kilichoharibika zaidi, kwa maoni yangu, hakikuwa uchaguzi wa mashine. Mashine ya gesi ilikuwa sahihi kwa swali la "kuna kitu cha jamii hii?" Tuliiuliza swali la pili, "kiasi gani, cha kipi?", bila sampuli rejea ya kipi chenyewe, kisha tukaandika jibu. Sampuli rejea moja kati ya mbili si nusu ya kazi. Afadhali tungeandika "silosini imethibitishwa, kiasi kitafuata" na kuwaacha wapelelezi wanune.

La kibonge ni langu peke yangu. Fundi aliona, akauliza, na mkubwa wake akampa jibu la haraka kwa sauti ya uhakika. Tangu siku hiyo kilele kisicho na jina huandikwa kwenye ripoti ya ndani kama "hakijatambuliwa", na aliyekiona ndiye anayekifunga, siyo mimi.

Kuhusu swali la daktari: jumla ya silosini peke yake isingemjibu. Ukiangalia jumla tu, uyoga na chokoleti ni ndugu. Kilichowatenga ni kile ambacho hakikuwepo kwenye chokoleti, yaani silosibini na beosistini, jamaa ambao uyoga wa kweli wa aina hii huja nao. Kutokuwepo kwa kitu ni ushahidi pale tu unapoweza kuonyesha kwamba kingekuwepo ungekiona, ndiyo maana sasa kila siku ya kazi huanza kwa kudunga sampuli rejea zote, hata zile tusizozitarajia.

Fomu yetu ya maombi imeongezwa kisanduku kimoja: "Asilimia ya nini?" Mteja anachagua uzito kama ulivyopokelewa au uzito mkavu, na bila alama hapo kazi haianzi. Wa kwanza kulalamika alikuwa karani wa chai, aliyetaka kujua kwa nini kafeini yake inaulizwa maswali ambayo haikuwahi kuulizwa. Ili nimjibu nilifungua majalada ya nyuma, nikakuta ripoti za kafeini zilizohesabiwa kwa uzito mkavu na nyingine kwa uzito uliopokelewa, fomu ile ile, mwezi ule ule, sahihi ile ile. Hizo bado tunazipitia.